Muvi za Kihispania na Kiingereza Kilichokaa Katikati

Mtu wa Kolombia, Peru au Argentina akipita barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi na kuona kibao kimeandikwa PARE, mguu unaweza kwenda kwenye breki wenyewe. Kwao kile kibao chekundu cha pembe nane kinachokaa njia panda kimeandikwa neno hilohilo, na maana yake ni "simama". Kwa hiyo milima yetu, kwa mtu wa Bogotá, ni Milima ya Simama. Halafu akifika Same hatakosea jina. Mwingereza ambaye hajaelekezwa atasoma "seim", na wapo Watanzania wenzetu hapa chuoni wanaoleta utani huohuo kila wakisikia mtu katoka Same. Mhispania atasoma Sa-me, kama bibi yako anavyosema, bila kufundishwa na mtu.

Nimeanza na majina kwa sababu hoja yangu yote imo humo. Kutoka Kiswahili kwenda Kihispania njia ni fupi kuliko tunavyodhani, ila tumezoea kuipitia London. Kila mwaka likizo ndefu ikikaribia nasikia wenzangu, hasa wa utalii na wanyamapori, wakisema safari hii watajifunza Kihispania kwa muvi. Wanajaza flashi, wanapanda basi, wanarudi Novemba wakiwa wamemaliza sizoni nne na wanajua "hola". Muvi inafundisha kweli, wala sibishi. Lakini kwanza ni lazima Kiingereza kitoke katikati.

Tuchukue vijiji vyetu kama ubao wa darasa. Makanya, Mhispania angeliandika Macaña, maana ile ñ yenye kiwimbi kichwani ni "ny" yetu ya nyanya, basi. Suji angeisoma "Sukhi", na Gonja angeisoma "Gonkha", kwa kuwa j yao ni ile "kh" ya "kheri". Hedaru ingekuwa "Edaru" na Kihurio "Kiurio", kwa sababu h ya Kihispania huandikwa lakini haitamkwi. Vudee ingegeuka "Budee", maana kwao v na b ni sauti moja. Chome ingebaki Chome. Ukiongeza kwamba ll husomwa karibu na "y" na kwamba rr huviringishwa kwa nguvu, umeshapata sehemu kubwa ya sheria za kusoma, na hujafungua kitabu.

Vokali ni zilezile tano, a e i o u, na hazibadiliki kutoka neno hadi neno. Hapo tu Mwingereza anatoka jasho mwaka mzima, wewe umezaliwa nazo. Mkazo nao: neno la Kihispania linaloishia na vokali, au n, au s, mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili. Ma-NYA-na, kama vile ungesema ba-NA-na. Likienda kinyume, mara nyingi wanakuwekea alama juu ya herufi, wasikupoteze.

Zipo pia sauti ambazo vitabu vya Kiingereza huzieleza kwa aya nzima na mchoro wa ulimi. Ile d iliyo katikati ya vokali, kama kwenye nada (hakuna kitu), ni "dh" ya dhahabu: "nadha". Ile g ya agua (maji) ni "gh" ya ghali: "aghwa". Na z ya Hispania yenyewe ni "th" ya thelathini, wakati Amerika ya Kusini wanasema "s" tu, kwa hiyo gracias ni "grathias" Madrid na "grasias" Lima. Mpare hana haja ya kushangaa hapo. Lugha yetu yenyewe wengine huiita Chasu na wengine Chathu, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake hajui kusema. Ndani ya Hispania pia, kusini kule Andalusia, kuna sehemu zinazosema s tupu na sehemu zinazosema th tupu. Ugomvi wa kwetu huo huo, bahari nyingine.

Sasa swali. Kama mdomo tunao, mbona hatujui lugha hii? Tamthilia za Mexico, Venezuela na Kolombia zimeingia sebuleni kwetu Afrika Mashariki tangu miaka ya 1990. Mwaka 2013 Telemundo ilifungua chaneli yake ya Afrika kwenye DStv, StarTimes nao wana ST Novela. Wapo akina mama ambao ukiwauliza nani kamzalia nani kwenye tamthilia fulani watakupa ukoo mzima hadi bibi mzaa bibi. Lakini muulize mama huyohuyo neno la Kihispania. Atakupa "señora", labda "mi amor", na majina ya watu.

Si kosa la mama. Alichosikia miaka yote ni Kiingereza. Midomo ya waigizaji inacheza Kihispania, sauti imewekwa ya Mwingereza au Mmarekani aliyekaa studio. Ukitazama vizuri utaona mdomo umefunga wakati sauti bado inaendelea. Umetazama Mexico, umesikia Marekani.

Linganisha na filamu za Kihindi. Mwanahistoria Laura Fair ana kitabu kizima, Reel Pleasures cha mwaka 2018, juu ya majumba ya sinema ya Tanzania na jinsi watu walivyozipenda filamu za Kihindi. Hizo zilikuja na sauti yake. Hakuna aliyeziwekea Kiingereza mdomoni, na ndiyo maana leo mtu ambaye hajawahi kukaa darasa la Kihindi anajua pyaar na dil, na anaimba wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho kwenye harusi. Sisemi anaongea Kihindi. Nasema sikio lake limeshafunguliwa mlango, na wa tamthilia za Mexico haujafunguliwa hata kidogo.

Halafu kuna ma-DJ wetu. Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya, na wengine wengi wanaotafsiri muvi juu kwa juu: jambazi anakuwa mtoto wa Manzese, polisi anatoa methali. Ile ni sanaa yenye thamani yake, na siku ikifika mtu aandike tasnifu juu yake nitamshangilia. Ila kwa shughuli ya kujifunza lugha, sauti ya DJ ni pazia nene kuliko yote. Ukienda pale stendi ya Same kuwekewa muvi kwenye flashi, sema mapema kabisa: "Kaka, nataka ambayo haijatafsiriwa." Atakuangalia kidogo. Mweleze tu.

Na hata ukipata yenye sauti yake, mtego wa pili unakungoja chini ya picha. Wengi tunasoma maandishi ya Kiingereza. Unahisi unajifunza kwa sababu sauti ya Kihispania inapita masikioni na hadithi unaielewa. Kumbe hadithi umeielewa kwa macho.

Mwaka 2009 watafiti wawili, Holger Mitterer na James McQueen, walichapisha jaribio walilofanya Uholanzi. Waliwachukua Waholanzi wanaojua Kiingereza, wakawaonyesha filamu za Kiingereza chenye lafudhi ngumu, ya Uskochi na ya Australia. Wengine waliwekewa maandishi ya Kiingereza, wengine ya Kiholanzi, wengine hawakuwekewa kitu. Baadaye wakawapima nani anaisikia vizuri zaidi lafudhi ile. Waliosoma maandishi ya lugha ileile inayosemwa walifanya vizuri. Waliosoma maandishi ya lugha ya nyumbani, kwenye maneno mapya ya lafudhi hiyo, walivurugika hata kuliko wale ambao hawakuwekewa maandishi kabisa. Yaani maandishi ya lugha nyingine hayakukaa kimya kando, yalivuta sikio likaenda pengine.

Wale walikuwa wanaijua lugha tayari, wakipigania lafudhi tu. Mimi natoa hitimisho langu kwa ajili yetu: Kiingereza kwa mtu wa Same ni mgeni wa tatu. Si lugha ya nyumbani, si lugha unayojifunza. Unapokiweka chini ya picha, ubongo unatafsiri mara mbili, kutoka Kihispania kwenda Kiingereza na kutoka Kiingereza kwenda unapofikiria. Basi la kutoka Same kwenda Mwanga likipitia Tanga utafika, lakini siku imekwisha.

Mbaya zaidi ni kwamba Kiingereza kinakuficha mambo ambayo Kiswahili kingekuonyesha bure. Angalia kitenzi. Hablo, hablas, habla: nasema, unasema, anasema. Mtendaji amebebwa ndani ya kitenzi, huhitaji "mimi" wala "wewe", ila sisi tunamtaja mwanzoni na wao wanamtaja mwishoni. Te quiero ni nakupenda, na hiyo te inakaa kabla ya kitenzi kama ku yako. Lo veo ni nakiona, au namwona. Kitabu cha Kiingereza kitakuambia hili ni jambo gumu, kiwakilishi kimeruka mbele ya kitenzi, fanya mazoezi arobaini. Wewe umekuwa ukiruka nacho tangu unatambaa.

Ngeli nazo. Wanalalamika kwamba Kihispania kina jinsia mbili na kila sifa lazima ifuate: vaso blanco, vasos blancos, casa blanca, casas blancas. Mtu aliyekua na kikombe cheupe, vikombe vyeupe, mti mweupe, miti myeupe, atishwe na mbili?

Heshima ndiyo inayonifurahisha zaidi. Rafiki anaitwa tú. Mtu wa kuheshimiwa ni usted, na usted inachukua kitenzi cha "yeye": usted habla. Ni kama unavyomwambia mgeni "Mama anasemaje?" na mama mwenyewe yuko mbele yako. Kwenye muvi, sikiliza pale mtu anapoacha usted akaingia tú, au kinyume chake. Mara nyingi kuna jambo: mapenzi yameanza, au ugomvi. Maandishi ya Kiingereza hapo yataandika "you" na "you", na wewe utakuwa umepitwa.

Maneno pia yapo. Waarabu walitawala sehemu za Hispania kuanzia mwaka 711 hadi 1492, na sisi pwani tumefanya nao biashara karne nyingi, kwa hiyo tumeokota kwenye kapu moja. Azúcar ni sukari. Azafrán ni zafarani. Fulano ni fulani, na wanamtumia vilevile, kwa mtu ambaye hutaki kumtaja. Hasta imetoka mahali pamoja na hata. Alcalde, meya wao, ni ndugu wa kadhi wetu. Upande wa Wareno tukapata meza, ambayo Kihispania ni mesa, na bendera, ambayo ni bandera.

Sasa tufike kwenye kutazama kwenyewe.

Filamu ninayoipendekeza kwa mtu wa Same ni También la lluvia ya mwaka 2010, iliyoongozwa na mwanamama wa Hispania, Icíar Bollaín. Jina linamaanisha "hata mvua". Wapiga filamu kutoka nje wanakwenda Cochabamba, Bolivia, kutengeneza filamu juu ya Columbus, kwa sababu pale waigizaji wa ziada ni wa bei rahisi. Wakiwa katikati ya kazi, mji unalipuka kwa ajili ya maji. Hilo la maji lilitokea kweli: mwaka 1999 huduma ya maji ya Cochabamba ilikabidhiwa kampuni binafsi, bei ikapanda, watu wakaingia barabarani, na Aprili 2000 mkataba ukavunjwa. Sheria ilisomeka kwa upana kiasi kwamba watu waliona hata maji ya mvua wanayokinga yatatozwa, ndiyo hilo jina.

Kwa nini hiyo, na siyo ya majambazi? Kwa sababu unayajua mambo yake kabla hujajua maneno yake. Mtu aliyekulia Bangalala au Makanya anajua ndiva, bwawa linalokinga maji ya mfereji usiku ili mchana yafunguliwe kwa zamu. Anajua zamu ni nini na anajua kelele za mtu aliyefunguliwa maji nje ya zamu yake. Aliyekulia mjini anajua ndoo na dumu, na anajua tuliongea miaka mingapi juu ya mradi wa kuvuta maji kutoka Nyumba ya Mungu. Mtu kama huyo akiona wanawake wamesimama mbele ya kisima wakipiga kelele, hahitaji maandishi kujua wanachosema ni cha aina gani. Yanayobaki ni maneno, na maneno yanakuja yakiwa yameshaelekezwa pa kukaa: agua ni maji, lluvia ni mvua, pozo ni kisima, zanja ni mtaro, sed ni kiu, pagar ni kulipa. Lugha huingia pale unapokuwa umeelewa sehemu kubwa tayari. Ukichagua muvi ya mawakili wa Madrid wakibishana juu ya hisa, hujui maneno na hujui mambo, umejifungia milango miwili.

Itazame yote mara moja, hata kwa maandishi ya Kiingereza, ili hadithi uijue. Hiyo ni burudani, usiihesabu kama masomo. Kesho yake chukua dakika tatu tu. Narudia, tatu. Mahali watu wanapozungumza kwa utulivu, siyo kwenye fujo, na siyo pale wanapoongea Kikechua, maana wenyeji ndani ya filamu wanacho na utajichanganya.

Zima maandishi yote. Sikiliza mara mbili. Mara ya tatu shika kalamu na uandike unachosikia kwa herufi za Kiswahili, kama unavyolisikia, bila kujali maana. Umesikia "aghwa", andika "aghwa". Umesikia "manyana", andika hivyo. Hapa ndipo tunapowapita wanafunzi wa Kiingereza mbali sana. Wao tahajia yao haibebi sauti, yetu inabeba. Ukimaliza, fungua maandishi ya Kihispania ya kipande hicho uyaweke kando ya yako. Kila mahali pasipofanana pana sheria imejificha: hapa nimeandika b wao wameandika v, hapa nimeunganisha maneno mawili kumbe la kwanza liliishia na vokali na la pili likaanza na vokali, yakashikana. Maandishi ya filamu mara nyingine hufupishwa, kwa hiyo usishangae likikosekana neno moja moja.

Hapo ndipo utafute maana, kwa kamusi au simu. Mwisho sema pamoja nao. Siyo baada yao, pamoja nao, kama unavyoimba na redio, hadi pumzi yako ikae pale inapokaa yao. Majirani watakuona umechanganyikiwa. Siku mbili zitapita watazoea.

Vifaa si vya kutisha. VLC ni programu ya bure. Ukibonyeza V unabadilisha au kuzima maandishi, ukibonyeza B unabadilisha sauti kama faili lina sauti zaidi ya moja. Kibonye cha [ kinapunguza mwendo na ] kinaongeza. Shift pamoja na mshale wa kushoto inakurudisha nyuma sekunde chache, na hiyo utaichosha. Maandishi yenyewe ni faili la srt, ambalo ndani yake ni maneno matupu na namba za dakika. Linafunguka kwenye simu kama ujumbe wa kawaida na ukubwa wake ni kama kilobaiti mia hivi, wakati filamu nzima inaweza kula gigabaiti. Kwa hiyo boom likiwa limeisha na bando limebaki la kuokotea, filamu nakili kwa mwenzako, mtandaoni shusha maandishi tu. Umeme ukikatika, maandishi bado unayo na sauti iko kichwani.

La Casa de Papel najua mtaniuliza, maana ndiyo iko kwenye kila flashi. Ilianza kwenye Antena 3 ya Hispania Mei 2017, Netflix ikaichukua, ikaisha Desemba 2021, na majambazi wake wana majina ya miji, mmojawapo Nairobi, aliyechezwa na Alba Flores. Ni nzuri, ila faili nyingi zinazozunguka ni zile zilizowekewa sauti ya Kiingereza. Bonyeza B kwanza uone kama Kihispania kipo. Kama hakipo, hicho si Kihispania, ni muvi ya Kiingereza yenye watu wa Hispania. Kikiwepo, utasikia neno rehenes kila dakika, mateka, na lina undugu na rehani yetu: mtu aliyewekwa kama unavyoweka shamba. Lakini watu wale wana matusi. Kuna neno linaloanza na ile j ya "kh" ambalo halimtoki Denver mdomoni. Mwanafunzi wa utalii akilipeleka kwa mgeni pale lango la Zange, akiwa anamwonyesha njia ya kuingia Mkomazi, atajieleza mwenyewe kwa bosi wake wa fildi.

Tukirudi Cochabamba, kuna tukio moja kwenye filamu ile linalonifanya niseme jambo hili si la kupitishia likizo tu. Costa, mtayarishaji, anaongea na simu kwa Kiingereza. Anajisifu kwa wenye fedha kwamba watu hawa wanaridhika na dola mbili kwa siku. Daniel, mwenyeji, kasimama hapohapo. Costa hana wasiwasi, kwani huyu si mtu wa Bolivia tu? Daniel amewahi kufanya kazi ya ujenzi Marekani. Anamjibu kwa Kiingereza, na sura ya Costa inabadilika.

Vijana wetu wangapi wanapanda Kilimanjaro kama wapagazi, wagumu wanavyojiita wenyewe, wakiwa wamebeba mizigo ya Wahispania siku sita au saba? Wanasemwa, wanasifiwa, wanapangiwa bakshishi mbele ya masikio yao. Mwongozaji anayesikia lugha ya wageni wake anajua nani anaumwa kichwa lakini anaficha, anajua kama wamechoka au wanagombana, anajua wanamwonaje. Si lazima ajibu. Kusikia tu kunabadilisha nani ameshika nini mkononi. Na si mlimani peke yake: Kihispania kinakaa pamoja na Kiswahili kwenye orodha ya lugha za Umoja wa Afrika, na ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, ambako watu nyumbani wanaongea Kifang na Kibubi, lugha za Kibantu kama Chasu.

Kuna kitu muvi haitakupa. Haikujibu. Unaweza kuelewa saa nzima na siku ya kusema ukakwama kwenye jina lako. Jirekodi kwenye simu ukisimulia zile dakika tatu kwa maneno yako, hata sentensi nne, halafu mwenzako wa chumba asikilize. Na chagua nchi moja ukae nayo miezi ya mwanzo. Argentina ile "y" ya ll inakuwa "sh", Mexico wana maneno yao, Hispania wana th yao na vosotros yao. Anayelenga wageni kutoka Madrid na Barcelona abaki na filamu za Hispania, atakwenda Mexico baadaye kama mtu anayetembelea shemeji.

Kwa ambaye hajui hata neno moja, También la lluvia ni ya mwezi wa tatu. Aanze na Destinos. Ni tamthilia iliyotengenezwa Marekani mwaka 1992 kwa ajili ya kufundisha Kihispania, vipindi 52, kila kimoja kama nusu saa. Mzee tajiri wa Mexico anapata barua kutoka Hispania juu ya mke aliyedhani alikufa vitani, na wakili mmoja, Raquel, anatumwa kumtafuta, anazunguka Hispania, Argentina na kwingineko. Mwanzoni wanaongea taratibu na msimulizi anatia Kiingereza, kisha Kiingereza kinapungua kadiri vipindi vinavyosonga. Nguo ni za zamani na muziki utakuchekesha. Vipindi 52, kipindi kimoja kila siku mbili, ni siku 104, yaani likizo ndefu na siku chache za muhula mpya.